Vidole Viwili Mbele ya Macho: Kweli na Uongo Kuhusu Tiba ya EMDR

Mtu akikwambia kuna tiba ya kiwewe ambamo mtaalamu anapitisha vidole viwili mbele ya uso wa mgonjwa, kushoto kulia, kushoto kulia, na mgonjwa anavifuata kwa macho huku akikumbuka jambo baya kuliko yote yaliyompata maishani, una haki ya kucheka. Maprofesa nao walicheka. Wengine walikasirika. Na miaka zaidi ya thelathini baadaye, tiba hiyohiyo imo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani.

Inaitwa EMDR. Jina refu la Kiingereza lililofupishwa hapo linazungumzia kupunguza makali ya kumbukumbu na kuichakata upya kwa mwendo wa macho. Kikao chenyewe huwa hivi. Viti viwili vinasogezwa karibu, lakini havitazamani uso kwa uso. Vinapishana kidogo, ili mkono wa mtaalamu ufike mbele ya macho ya mgonjwa. Tuseme mgonjwa ni dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori, abiria wake akafariki. Ataulizwa: katika siku ile yote, ni picha gani moja inayokusumbua kuliko zote? Labda ni kiatu cha abiria kilichobaki katikati ya lami. Picha hiyo inakwambia nini kuhusu wewe? "Nimeua mtu." Ungependa uamini nini badala ya hilo? "Nilifanya nilichoweza." Unaliamini kiasi gani sasa hivi, kutoka 1 hadi 7? Mbili. Uchungu wenyewe uko wapi mwilini, na una ukubwa gani kutoka 0 hadi 10? Uko kifuani, tisa.

Ndipo vidole vinapoanza kwenda na kurudi, mara ishirini na kitu, kisha vinasimama. "Vuta pumzi. Nini kimekujia?" Kinaweza kuwa mlio wa breki, au hasira kwa dereva wa lori, au mama wa marehemu akilia msibani. Mtaalamu hachambui wala hatoi nasaha. Anasema tu, "Endelea na hicho," na vidole vinaanza tena. Duru baada ya duru, mpaka ile tisa ishuke hadi sifuri au jirani yake, na ile mbili ipande.

Kuhusu jambo hili yamesemwa mengi, ya sifa na ya kejeli. Tuyapime machache.

"Hicho ni kiinimacho, hakuna sayansi hapo."

Si kweli, na hoja hii imeshapitwa na wakati.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu matatizo yanayotokana na misukosuko mikubwa. Kwa mtu mwenye msongo wa baada ya kiwewe, yaani yule anayerudiwa na tukio katika ndoto na mchana kweupe, anayekwepa kila kinachomkumbusha, anayeshtuka kwa mlango kubamizwa, mwongozo ulipendekeza tiba mbili za kuzungumza: ile ya kurekebisha fikra na mwenendo inayolenga kiwewe chenyewe, na EMDR. Kwa watu wazima na kwa watoto pia. Taasisi ya NICE ya Uingereza iliirudia EMDR katika mwongozo wake wa 2018, ingawa kwa watu wazima iliielekeza zaidi kwa wale ambao kiwewe chao hakikutokana na vita. Idara ya maveterani ya Marekani, ambayo wagonjwa wake ni wa vita hasa, imeiweka miongoni mwa tiba tatu inazozipendekeza katika mwongozo wa 2023. Kwa hiyo hata miongozo haikubaliani neno kwa neno. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa na tahadhari zaidi mwaka 2017: kilizipa tiba za kurekebisha fikra pendekezo la nguvu, EMDR kikaipa pendekezo lenye masharti.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2020 Pim Cuijpers wa Amsterdam na wenzake walikusanya majaribio ya EMDR na kuyapitia moja moja. Waliopata tiba walikuwa na nafuu kubwa kuliko wasiopata. Hilo halikuwa na shaka. Lakini kati ya majaribio 27 yaliyohusu msongo wa baada ya kiwewe, ni manne tu yaliyofanywa kwa namna isiyoacha mianya ya upendeleo. Mengi yalikuwa madogo. Mengine yalilinganisha waliotibiwa na watu waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, na kumshinda mtu anayesubiri si kazi ngumu sana. Anayesema EMDR haifanyi kazi hajasoma. Anayesema imethibitishwa bila doa, naye hajasoma vizuri.

"Kinachoponya ni mwendo wa macho."

Nusu kweli, na huenda ni chini ya nusu. Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Francine Shapiro alikuwa akitembea katika bustani huko Los Gatos, California, mwaka 1987, akiwa na mawazo yaliyokuwa yakimsumbua. Akagundua kwamba mawazo hayo yamepungua makali, na kwamba wakati yakipungua macho yake yalikuwa yakicheza haraka huku na huku. Akajaribu kwa makusudi. Akajaribu kwa marafiki. Mwaka 1989 akachapisha utafiti wa watu 22, wakiwemo maveterani wa vita vya Vietnam na watu waliobakwa, akaripoti kwamba kikao kimoja kiliwaletea nafuu kubwa. Aliyetoa tiba katika utafiti huo alikuwa yeye mwenyewe.

Unaweza kufikiria jinsi habari hiyo ilivyopokelewa na watu waliotumia maisha yao kusomea kiwewe. Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika makala mwaka 1999 akimlinganisha Shapiro na Franz Mesmer, yule daktari wa karne ya 18 aliyedai kuponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyomo katika viumbe. Hoja ya McNally ilikuwa kwamba kilicho na nguvu ndani ya EMDR si kipya, na kilicho kipya hakina nguvu. Maana yake: mgonjwa anapona kwa sababu anaikabili kumbukumbu yake akiwa mahali salama, jambo ambalo tiba nyingine zilishakuwa zikilifanya, na vidole ni mapambo.

Hoja kama hiyo inaweza kupimwa, nayo ikapimwa. Gawanya wagonjwa kwa kura. Wape wote kila kitu cha EMDR, ila wengine wasisogeze macho. Kisha hesabu nani kapona. Mwaka 2001 Paul Davidson na Kevin Parker walijumlisha tafiti za aina hiyo wakasema macho hayaongezi kitu. Mwaka 2013 Christopher Lee na huyohuyo Cuijpers wakajumlisha upya, wakiwa na tafiti nyingi zaidi, wakasema yanaongeza, tena si kidogo. Watu wa pande zote mbili wakawa na karatasi ya kupeperusha.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika mzozo huu ni wa Ujerumani, uliofanywa na Martin Sack na wenzake na kuchapishwa 2016. Wagonjwa 139 waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifuata mkono unaotembea. Kundi la pili lilikazia macho mkono uliotulia, hausogei hata inchi moja. Kundi la tatu lilikumbuka tukio bila kupewa cha kutazama. Makundi yote yalipata nafuu. Lakini mawili ya kwanza yalilishinda la tatu, na kati ya hayo mawili hapakuwa na mshindi. Mkono uliosimama ulifanya kazi sawa na mkono unaotembea! Kumbe kilichosaidia ni kuwa na kitu cha nje cha kushika nusu ya fikra wakati nusu nyingine iko kwenye tukio.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo yanaendana na hilo. Ile sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi, ambayo tunaitumia kukumbuka namba ya simu mpaka tuiandike, ni finyu, kama meza ya muuza kahawa: vikombe vikijaa, birika halina pa kukaa. Ukiikumbuka ajali na papo hapo unafuata kitu kwa macho, kazi mbili zinagombea nafasi moja. Picha ya ajali inakosa nafasi ya kuenea kwa ukamilifu wake, inafifia, na inaporudishwa ghalani inarudi ikiwa imefifia. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, hasa Marcel van den Hout na Iris Engelhard, wameligeuzageuza wazo hili maabara kwa miaka. Kuhesabu kurudi nyuma kunasaidia. Kuchora umbo lenye mikunjo mingi kunasaidia. Hata kucheza mchezo wa video wa Tetris kunasaidia. Milio ya kubadilishana masikioni, ambayo baadhi ya wataalamu huitumia badala ya vidole, inasaidia kidogo kuliko macho, pengine kwa sababu haichoshi akili. Na kumbukumbu nzuri nazo, za harusi au za sikukuu, hufifia ukizifanyia vivyo hivyo.

Matokeo hayo yanaiweka pabaya hadithi moja inayopendwa sana, kwamba macho yakienda kushoto na kulia pande mbili za ubongo "zinaongea" na jeraha linafunga. Macho yakipelekwa juu na chini, kumbukumbu inafifia vilevile. Pande za ubongo hazihitajiki katika maelezo hayo.

Hata hivyo kesi haijafungwa. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Korea Kusini. Panya waliofundishwa kuogopa sauti fulani walionyeshwa nuru inayohama upande hadi upande wakati wa kuizoea sauti hiyo, na hofu yao ilipungua zaidi, tena haikurudi kirahisi. Watafiti wakafuata njia yenyewe ndani ya ubongo, kutoka eneo linaloongoza macho mpaka eneo la hofu. Panya hana msiba wa kusimulia, wala haamini mtaalamu wake, kwa hiyo kusema "ni imani tu ya mgonjwa" hakutoshi.

"Wanakulaza akili, wanakuongoza watakavyo."

Si kweli. Mgonjwa yu macho, anajua alipo, na kabla vidole havijaanza amefundishwa ishara ya kusimamisha kila kitu. Anainua mkono, kazi inakoma. Kufananisha jambo hili na usingizi wa mazingaombwe kumetokana na saa ya mnyororo inayobembea kwenye sinema za zamani.

"Tiba hii inafuta kumbukumbu."

Si kweli. Yule dereva wetu wa bodaboda atajua mpaka kufa kwake kwamba abiria alifariki, wapi, na saa ngapi. Kinachopungua ni ukali wa picha na mshtuko wa mwili unaoandamana nayo. Wagonjwa wengi hueleza kwamba tukio limesogea mbali, limekuwa jambo lililopita badala ya jambo linalotokea.

Lakini chini ya uongo huu kuna swali la kweli ambalo mawakili wanapaswa kulijua. Picha iliyofifia je, haiwezi kupokea rangi isiyokuwa yake? Mwaka 2018 Sanne Houben na wenzake wa Uholanzi waliripoti kwamba watu waliosogeza macho baada ya kutazama video ya ajali walikuwa wepesi zaidi kuingiza katika kumbukumbu zao mambo ya uongo waliyoambiwa baadaye. Mwaka uliofuata watafiti wengine wa hukohuko, Kevin van Schie na Arne Leer, walirudia jaribio kwa watu wengi zaidi, hawakuliona hilo. Mzozo unaendelea, na kwa shahidi anayesubiri kupanda kizimbani, busara ni kwamba maelezo yake yaandikwe kabla ya tiba kuanza.

"Lazima usimulie kila kitu."

Si kweli, na kwa maoni yangu hii ndiyo sifa ya EMDR isiyotangazwa vya kutosha.

Tiba nyingine nzuri za kiwewe zinataka usimulizi. Unaeleza tukio kwa sauti, kwa undani, kwa wakati uliopo, wakati mwingine unajirekodi na kwenda kujisikiliza nyumbani kila siku. Zinafanya kazi, lakini baadhi ya watu huishia njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unaitofautisha EMDR kwa mambo haya: haihitaji maelezo marefu ya tukio, haibishani na imani za mgonjwa moja kwa moja, na haitoi kazi za nyumbani.

Mama aliyebakwa na mtu wa ukoo wake anaweza kufanya kazi nzima bila kutamka jina la mtu huyo. Mtaalamu anahitaji kujua kwamba kuna picha, ina uchungu wa kiasi gani na kama unashuka. Kilichomo ndani ya picha, mgonjwa anaweza kubaki nacho. Pale ambapo aibu ya familia nzima imefungwa kwenye ulimi wa mtu mmoja, hilo si jambo dogo.

"Kikao kimoja tu, umepona."

Si kweli kwa walio wengi. Dai hili lilizaliwa na ule utafiti wa 1989 na bado linazunguka kwenye matangazo. NICE inazungumzia vikao 8 hadi 12 kwa kawaida, na zaidi kwa waliopitia mambo mengi. Tiba ina hatua nane, na vidole haviinuki mpaka ya nne. Kabla yake kuna kuchukua historia, kumwandaa mgonjwa, kumfundisha namna ya kujituliza, na kuchagua pa kuanzia.

Pia jeraha la utotoni halifanani na la ukubwani. Bessel van der Kolk na wenzake huko Boston walilinganisha EMDR, dawa ya fluoksetini na vidonge visivyo na dawa kwa watu 88, wakachapisha matokeo 2007. Miezi sita baada ya matibabu, waliotibiwa kwa EMDR walikuwa wanaendelea vizuri kuliko waliokunywa dawa, hasa wale ambao kiwewe kiliwapata wakiwa watu wazima. Walioumizwa wakiwa watoto walipata nafuu pia, lakini wachache wao ndio waliofika mwisho wa safari kwa wiki nane walizopewa.

"Mwenye ugonjwa mwingine wa akili asiguswe, atavurugika."

Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe ndio waliosema hivi. Mtu anayesikia sauti, walisema, ukimfungulia kiwewe chake unamwongezea wazimu. Wakamwacha na dawa zake na ndoto zake.

David van den Berg na wenzake wa Uholanzi wakalijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 155 wenye saikosisi ambao pia walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe. Matokeo yalitoka 2015 katika jarida la JAMA Psychiatry. Wengine walipewa tiba ya kulikabili tukio kwa usimulizi, wengine EMDR, wengine wakasubiri. Vikao vinane vya dakika 90, bila miezi ya "kumwimarisha kwanza" iliyokuwa ikidaiwa kuwa ya lazima. Mwishoni, 60% ya waliopata EMDR hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe; kwa waliosimulia ilikuwa karibu 57%; kwa waliosubiri, 28%. Kuvurugika kulikoogopwa hakukuonekana. Kwa hiyo: si kweli.

"Unaweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu."

Kweli. Siku mbili tatu baada ya kikao, ndoto zinaweza kuwa nzito, vipande vya tukio vilivyosahaulika vikarudi, mtu akawa mkali nyumbani bila kujua kwa nini. Mtaalamu mzuri humwambia mgonjwa mapema, na hakifungi kikao huku namba ikiwa nane bila kumtuliza.

Ndiyo maana zile video za mtandaoni zenye kidoti kinachokwenda huku na huku, "jitibu kiwewe mwenyewe kwa dakika kumi", hazistahili jina la tiba. Kidoti hakioni kwamba umeacha kupumua. Watu wengi walijifunza habari za EMDR mwaka 2021, Prince Harry alipojionyesha kwenye filamu ya televisheni akiwa amekunja mikono kifuani na kujipigapiga mabega kwa zamu. Namna hiyo, inayotumika badala ya vidole, inaitwa kumbatio la kipepeo. Ilibuniwa na Lucina Artigas kule Acapulco, Mexico, alipokuwa akiwahudumia watoto walionusurika kimbunga Pauline cha 1997. Kama njia ya kujituliza haina neno. Lakini Harry alikuwa na mtaalamu upande wa pili wa skrini, na jambo hilo wengi walioiga hawakulizingatia.

"Inatibu kila kitu: sonona, ulevi, maumivu ya mgongo, woga wa mtihani."

Bado. Mapitio yale ya 2020 yaliona dalili njema hapa na pale, hasa kwa woga wa vitu mahususi, lakini yakasema ushahidi nje ya msongo wa baada ya kiwewe hautoshi kuipendekeza. Orodha ndefu ya magonjwa kwenye bango la mtaalamu isikuongezee imani.

"Ajali ikitokea, watu wapelekwe kwenye tiba siku hiyohiyo."

Nia njema, lakini si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu 70% ya watu duniani watapatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, na kati yao ni 5.6% tu watakaopata msongo wa baada ya kiwewe. Wengi hutulia wenyewe, wakiwa na watu wao. Wiki za mwanzo, kukosa usingizi na kushtukashtuka si ugonjwa.

Kuna mtindo ulioenea sana miaka ya 1980 na 1990: basi likipinduka au benki ikivamiwa, walionusurika wanakusanywa na kuagizwa wasimulie yote kwa kikao kimoja. Ulipochunguzwa, haukuzuia ugonjwa. Baadhi ya tafiti ziliona waliopitishwa humo wakiwa na hali mbaya zaidi baadaye, na NICE inasema wazi kwamba usifanywe. Katika siku hizo mtu anahitaji usalama, chakula, simu ya kuwapigia ndugu, na mtu wa kukaa naye asiyemshurutisha kusema. Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, hapo ndipo mtaalamu ana kazi.

"Bila EMDR, aliyeumia huku kwetu hana pa kwenda."

Si kweli, na uongo huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu baadhi ya tafiti muhimu za kutibu kiwewe pasipo na madaktari zimefanyika katika ukanda wetu, na hazikutumia vidole.

EMDR yenyewe imejaribiwa kwenye mazingira magumu. Katika kambi ya Kilis, Uturuki, karibu na mpaka wa Syria, Ceren Acarturk na wenzake waliwagawa kwa kura wakimbizi 70 wa Syria. 37 walipewa EMDR, 33 wakasubiri. Waliotibiwa walipungukiwa na dalili za kiwewe na za sonona pia. Kwa hiyo anayesema ni tiba ya watu wa California tu hana hoja. Tatizo ni nani wa kuitoa, maana inataka mtaalamu wa afya ya akili aliyefunzwa na kusimamiwa, na hao ni wachache.

Sasa tazama kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Frank Neuner na wenzake walichukua wakimbizi kwa wakimbizi, Wanyarwanda na Wasomali wasio wanasaikolojia, wakawafunza, na hao ndio waliowahudumia wenzao. Wakimbizi 277 walishiriki. Wengine walipewa tiba ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, furaha na maafa yakipangwa kila moja mahali pake. Wengine walipewa ushauri nasaha wa kawaida unaogusa kiwewe. Matokeo ya 2008: makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa kuliko kundi la tatu lililofuatiliwa bila tiba.

Mashariki mwa Kongo, katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, Judith Bass na wenzake walifanya kazi na wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata msaada wa mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walikaa kwa vikundi na kufundishwa kuzichambua fikra kama "ni kosa langu" na "mimi si kitu tena", wakiongozwa na wahudumu wa kijamii wenye elimu ya sekondari tu. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili zinazofikia sonona au wasiwasi walikuwa 42% kwenye msaada wa mmoja mmoja, na 9% kwenye vikundi; kwa kiwewe matokeo yalifanana na hayo. Namba hizo zilichapishwa 2013, wakati vita havijaisha karibu na vijiji hivyohivyo.

Kwa watoto kuna utafiti wa Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania, ulioongozwa na Shannon Dorsey na kuchapishwa 2020. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, mjini na vijijini. Nusu walipewa huduma za kawaida za yatima, nusu wakapata vikao 12 vya tiba ya kikundi na vichache vya peke yao, vikiendeshwa na watu wa jamii waliofunzwa kazi hiyo. Vikao vilipoisha, waliotibiwa walikuwa mbele katika sehemu tatu kati ya nne. Moshi vijijini ndiko tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye Bungoma bado ilionyesha tofauti, mjini na vijijini. Moshi haikuwa na tofauti tena popote, na haikuwa kwa sababu waliotibiwa wamerudi nyuma: wale wa huduma za kawaida nao walikuwa wamepata nafuu, wakawafikia wenzao.